Rangi Juu ya Bawa la Jelagat

Sisi mgeni wa heshima akija, tunapaka rangi hata mawe ya barabarani. Sina shida na mawe. Kinachonichemsha mpaka leo ni bawa la Jelagat.

Jelagat ni injinia kwenye karakana yetu ya Lanet, ambako mimi hufunga mota za ndege ndogo zisizo na rubani. Mamake alifariki baada ya kujifungua kwenye zahanati ya mlimani, juu ya Sachangwan, damu ya kumwongezea ikiwa bado barabarani. Tangu hapo Jelagat anataka kitu kimoja: ndege itakayopeleka damu na kutua kwenye kiwanja kidogo cha zahanati ile.

Kutua padogo kunataka mwendo wa pole. Lakini ndege ikienda pole huku imeinua pua, hewa hubanduka mgongoni mwa bawa, na ndege huanguka kama gunia. Kwa hiyo Jelagat alitoboa bawa safu ya vitundu vidogo kama tundu la sindano. Kifaa kikihisi hewa inaanza kubanduka, pampu hupuliza kupitia vitundu hivyo na hewa hulishika bawa tena. Kazi hiyo ilimla ujana.

Asubuhi ya kumwonyesha mgeni wa heshima ndege hiyo, tulikuta bawa linang'aa rangi za bendera.

"Nani amepaka hii wing?" akauliza Jelagat.

"Ni mimi," akajibu Kiptanui, mkurugenzi wetu. "Mgeni anakuja, lazima ikae smart."

"Umeziba mashimo yote, boss."

"Ni rangi tu, Jelagat."

Nilitamani kumzaba kofi. Jelagat alichukua msasa na sindano, akazibua kitundu kimoja kimoja mbele ya mgeni na kamera zake, watu wakinung'unika juani. Kisha ndege ikapaa, ikarudi polepole, pua juu, ikatua katikati ya mraba wa chokaa. Mgeni alisimama kupiga makofi.

Na Kiptanui, mtu mzima na akili zake, aliona nini? Madoa. Jioni akaagiza bawa lipakwe upya, eti kwa picha ya kalenda.

Kesho yake alitoka mbio kwenda mkutanoni Naivasha, akakuta kioo cha mbele cha gari lake kimepakwa rangi nyeupe, pembe hadi pembe. Jelagat alikuwa kando, brashi mkononi.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi. Ni rangi tu, boss. Endesha."

Kiptanui alinigeukia akaomba kitambaa. Nilikuwa nacho mfukoni. Sikumpa.