Miwani ya Kuona Ndani ya Maji

Mzee Njuki alivua samaki bwawa la Kamburu, kule Mbeere, tangu akiwa kijana. Sisi watu wa Kanyakine, huku Meru, samaki hatumjui vizuri, kwetu ni nyoka tu wa majini, kwa hivyo tulimwita Baba Nyoka-wa-Maji. Alicheka tu. Alikuja kukaa kwa binti yake Kagwiria, aliyeolewa hapa kwetu, baada ya daktari kumtoa kinyama kilichomwota kwa jicho. Jua la kwenye maji ndilo lilimfanyia hivyo. Daktari akamwambia: bila miwani ya jua ya maana, bwawa usahau.

Basi akawa mtu wa kusimama kwa shamba la majani chai akiangalia chini upande wa Mbeere. Ukimwuliza ameamkaje, anakwambia upepo wa Kamburu saa hii uko hivi na hivi.

Akaenda soko la Nkubu, akachagua miwani nyeusi kuliko zote, nyeusi kama sufuria ya githeri. Akateremka nayo mpaka bwawani. Akarudi macho mekundu.

"Uliona nini?" nikamwuliza, mimi jirani wa Kagwiria.

"Uso wangu, ndani ya maji. Na huo naujua."

Nikampeleka kwa Shurie, anayeuza miwani Meru mjini. Shurie akaipima ile ya Nkubu kwa macho, akaguna.

"Mzee wangu, weusi ni rangi tu. Giza linafungua mboni, halafu miale inaingia yote. Tafuta iliyoandikwa UV400, ndiyo inazuia miale, mikono mipana, jua lisipite kando. Na ya mvuvi lazima ikate mng'aro wa maji." Akatoa simu, akazungusha miwani nyingine mbele yake. Kioo cha simu, ukikitazama kupitia miwani, kikazima kama stima za kwetu. "Isiyofanya hivi, waachie watu wa harusi."

Nje kulikuwa na beseni la maji, jua limewaka juu yake hata huwezi kuangalia. Mzee akavaa, akainama. Nikangoja utani.

"Unaona?" Shurie akauliza.

"Naona kutu ya chini." Akazamisha kidole mpaka chini. "Hivi ndivyo nilikuwa naona samaki wa ngege wakipita. Nilidhani ni uzee umeninyang'anya."

Nikaenda kununua mkate. Kurudi, hayuko; Shurie akasema amelipa miwani, akaondoka nayo. Jioni Kagwiria akampigia simu, mimi nikiwa hapo.

"Baba, uko wapi? Chai inapoa!"

"Kunyweni," akasema, na nyuma yake nikasikia maji yakipiga mtumbwi.