Jina la Tovuti Lipo Wazi

Mie ile tovuti sikuwahi kuipenda. Marehemu mume wangu alikuwa fundi vitanda hapa Mbweni, ana karakana yake barabarani, wateja wanamfuata wenyewe. Ya nini tena mambo ya mtandaoni? Akanicheka. Akatafuta mtu wa kumjengea, wakaipa jina lake mwenyewe, wakaweka na video moja: kasimama katikati ya mbao, anaeleza mninga na mkongo, anakohoa kidogo, kisha anasema, "Karibuni jamani, msilale chini." Hakuwa mtu wa kujirekodi. Sauti yake ilikuwa pale tu, kwingine hakuna.

Alipofariki, binti yetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Nikajiambia, huyu atamjua baba yake kwa ile video.

Nikakaa eda. Wakubwa wakaona simu ya marehemu isiwe inalialia humu ndani ikanitonesha. Ikazimwa, ikafungiwa kabatini na kanzu zake. Nikaona wamenihurumia. Kumbe jumbe zote za kukumbusha ada ya tovuti zilikuwa zinatumwa huko huko, kwenye simu iliyozimwa. Nilipotoka eda nikafungua tovuti nimwonyeshe mtoto baba yake. Hakuna kitu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye anayejua kompyuta. Akaniambia muda wa jina la tovuti umepita bila kulipiwa, ila bado limeshikiliwa. Likiachiwa, yeyote anaweza kulichukua. Yarabi! Yeyote? Jina la mume wangu? Tangu hapo kila nikishaswali alfajiri, kabla hata sijawasha jiko, naliandika jina lile kwenye kisanduku cha kutafutia cha wale wanaouza majina ya tovuti. Nyekundu: halipatikani. Kesho yake nyekundu tena. Nikawa namchukia huyo mtu wa kuja kulichukua, na wala hakuwapo.

Asubuhi moja ikatokea kijani. "Hongera! Jina hili lipo wazi." Nilipiga kigelegele peke yangu uani, jirani akadhani nimeposwa. Nikamwita shemeji mbio, akalisajili palepale.

"Haya, nifungulie video," nikamwambia.

Akafungua. Ukurasa mweupe.

"Shem, hili ni jina tu, kama kibao cha mlangoni. Vya ndani vilikuwa vinatunzwa kwingine, na ada ilipokatika wakavifuta. Aliyemjengea nilishamuuliza, hana nakala."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilidhani unalitaka jina."

Nilikaa sakafuni nikalia kilio ambacho hata msibani sikukilia, maana msibani walinishika mabega wakiniambia subira, subira. Subira ya nini? Mume wangu nilishamzika, na sauti yake wameifuta watu wasiomjua, huku mie nimekaa ndani napumzishwa.

Binti sasa anaongea. Juzi kaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Nikakaza koo, nikajaribu kumwigiza. Akacheka sana, akasema, tena mama, tena. Nikarudia. Ilikuwa sauti yangu tu, na ya kwake nimeshaanza kuisahau.