Kiti Kilicholitukana Gari Letu

Gari letu lisilo na dereva lilifunga breki, likakipigia honi kiti.

Kiti kikaanza kututukana.

Siwapigi kamba. Nilikuwa ndani, kahawa yote imeniishia mapajani.

Hapa Pittsburgh, ukishazoa theluji mbele ya nyumba yako unaweka kiti barabarani, na ile nafasi ya kuegesha inakuwa yako. Ole wako ukikisogeza cha mwenzako.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua sensa, yaani macho ya gari. Tatizo, gari lilikuwa linasimama kwenye kila kiti. Nikajifanya mjuaji, nikaliwekea amri: kiti kisikusimamishe, hata ukikigonga ni plastiki tu.

Halafu nikamgeukia fundi mwenzangu, Doreen. "Kamera na leza zinatosha. Hicho kidude chako cha kuhisi joto ni cha wawindaji. King'oe."

"Sawa, Terrence. Wewe ndiye mwenye akili."

Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Doreen hajawahi kunisifia.

Asubuhi ya majaribio mimi na Doreen tukapita mtaa niliokulia. Kamera zimejaa tope la chumvi, hazioni kitu. Leza ikaona umbo, skrini ikaandika KITI. Gari halikupunguza mwendo.

Mita chache kabla, breki. Honi.

Kumbe kiti kina mwenyewe. Bibi Wasilewski, miaka themanini na moja, amejifunika blanketi la kijivu mpaka kichwani.

"Viti vyangu viwili vimeibwa, ndiyo nimekaa mwenyewe," akafoka. "Wewe si mtoto wa Peggy? Hili bati lenu lilitaka kuniua?"

Niliishiwa pozi. Amri ya kumgonga niliiandika mimi.

Nikatazama skrini. Bado imeandikwa KITI. Chini yake, kwa rangi nyekundu: KINA JOTO.

"Si nilikwambia ukitoe?" nikamnong'oneza Doreen.

"Nilisema sawa. Nani alisema nimetoa?"

Bibi akainuka, akanishusha garini, akanivisha blanketi lake.

"Kama mnaliamini, kaa wewe. Lipite tena."

Nikakaa. Doreen akarudisha gari nyuma mpaka kona.

Ndugu zangu, mnaochagua macho ya gari, msichagulie ofisini. Kakaeni kwanza kwenye kiti.

Mimi, nikiwa pale kitini, nilimpigia Doreen simu mara nne kumuuliza kama kile kidude kimewashwa.

Mara ya nne hakupokea.