Sindano ya Nyar Karungu

Elkanah Onditi alikuwa mwuguzi wa zahanati ya Magunga, lakini kijiji kizima kilimwita daktari, naye hakuona haja ya kukisumbua kijiji. Mtu wa kudadisi huyo! Redio ikifa, lazima aifungue. Mbung'o akitua ukutani, atamfunika kwa glasi amtazame mpaka wagonjwa waanze kukohoa kwa makusudi. Kitu kimoja tu hakuwahi kukidadisi, nacho ni sindano. Magunga kila mtu alijua kwamba mgonjwa aliyerudi nyumbani bila kuchomwa hakutibiwa, amesalimiwa tu.

Aliyechomwa kuliko wote ni Roseline, mke wa fundi baiskeli. Watu walimwita nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kama Waluo wanavyomwita mke kwa jina la kwao. Maskini, jina hilo lilimuuma. Hakuwa amekanyaga Karungu tangu siku aliposhikwa njiani akitoka kumwona mama yake: moyo ulimwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata, akajua basi, amekufa. Tangu hapo alishikwa mara kwa mara, na kila mara alikimbilia zahanati, akachomwa, akatulia. Hospitali kubwa walimpima moyo na damu wakamwambia ni mzima. Yeye aliamini jambo moja, kwamba karibu na sindano ya Elkanah hafi, kwa hiyo hakuthubutu kwenda mbali nayo. Mama yake, kikongwe asiyeweza tena safari, alikuwa akituma watu kuuliza kama mwanawe yu hai.

Mwaka 1996 Elkanah aliitwa Homa Bay kwa semina ya wahudumu wa afya kuhusu ugonjwa wa hofu. Alicheka. Hofu nayo ina kidudu gani cha kuonekana kwa hadubini? Alikwenda hivyo hivyo, maana kutojua kulimwasha kuliko upupu.

Mkufunzi wao, Sista Metrine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, hakuanza na hotuba. Aliwaambia wote waheme kwa mdomo, haraka haraka, mpaka awaambie basi. Ungewaona watu wazima na vitambi vyao wakihema kama mbuzi waliofukuzwa shambani! Elkanah alihema kwa bidii kuliko wote, apate kujua kuna nini. Akajua. Vidole vilikufa ganzi, kifua kikabana, ukumbi ukazunguka. Akainuka kutafuta mlango.

"Kaa, ndugu yangu," Sista Metrine alisema. "Pumua polepole, usikimbie. Ngoja uone itaenda wapi."

Akakaa. Ile hali ikapanda, ikasimama, kisha ikashuka yenyewe. Elkanah alivitazama vidole vyake kwa mshangao mtupu.

"Mgonjwa akikufikia hivyo, wewe unamfanyia nini?" Sista akamuuliza.

"Namchoma vitamini." Ukumbi ukacheka, kwa sababu wote walichoma hiyo hiyo.

"Basi hajawahi kungoja akaona kwamba ingeshuka tu."

Elkanah alirudi Magunga na maneno hayo. Siku ya soko Roseline akaingia mbio, mkono kifuani, ameshaanza kulegeza leso.

"Daktari, leo nakufa. Harakisha!"

Alimpima presha, akasikiliza moyo. Hakukuwa na jipya. Akavuta kiti.

"Nyar Karungu, leo tutakaa."

"Dawa imeisha?"

"Iko. Hiyo hapo mezani."

"Unaiona na unaninyima? Nikikufa utaambia watu nini?"

Hapo Elkanah aliogopa kwelikweli. Je, kama leo ndiyo siku yenyewe? Magunga nzima ingesema daktari alimtazama mke wa mtu akifa, na sindano iko mezani. Mkono wake ukaondoka wenyewe kuifuata. Akaurudisha, akaukalia.

"Pumua na mimi. Iko wapi sasa?"

"Kwa kifua."

"Na sasa?"

"Kwa koo. Daktari, wewe ni mtu mbaya."

"Na sasa?"

Roseline alikunja vidole, akavikunjua. "Inashuka," alisema polepole. "Nani ameishusha?"

"Umeona mtu mwingine humu ndani? Ikija tena, hata ukiwa safarini, kaa ungoje hivi hivi."

Roseline akaigeukia meza. "Na hiyo sindano, siku hizo zote, ilikuwa na nini?"

Angeweza kumdanganya, na alitamani sana. "Vitamini," alisema.

Roseline alifunga leso yake, akatoka bila kuaga.

Siku zikapita, hakuonekana. Elkanah alimpita mume wake barabarani akiwa ameinamisha kichwa, asithubutu kuuliza. Labda amemponya hofu akamwachia hasira. Labda hata hofu hajaiponya, na maskini Roseline yumo ndani, anateseka bila pa kukimbilia.

Asubuhi moja akamwona kwenye foleni, na ngege wakavu wamefungwa kwa gazeti.

"Ilinishika nikiwa kwa gari la Karungu," Roseline alisema, hajakaa bado. "Nikangoja. Ikashuka kabla yangu."

Elkanah alipokea samaki kwa mikono miwili. "Na mama?"

"Alinishika uso, akalia sana. Halafu akaniuliza mbona nimenona hivi." Roseline alimkazia macho. "Nikamwambia ni vitamini ya daktari."