Hodi Mara Tatu

Kuruthumu alikuwa na mdomo, na Ujiji nzima ilijua. Kwa hiyo siku ya tatu baada ya boti kupinduka, alipoingia uani kwa nahodha Asumani pale Kibirizi, majirani waliacha vyombo vyao wakaja kusikiliza.

"Taarifa ulipewa!" alimfokea, bila shikamoo, bila pole. "Saa nne kasoro asubuhi simu yako ilipigwa, ukaandikiwa na meseji kwamba upepo unapanda, ingia ufukweni. Ukapuuza! Mama wa watu amekufa maji kwa ubishi wako!"

Nahodha alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, magoti wazi, mikono imelegea. Mtu mzima mwenye miaka hamsini na ushei. Alisema tu, "Mwanangu, sikusikia simu." Mkewe, Marsiana, akamwomba Kuruthumu aondoke. Akaondoka, tena kwa kujisifu kwamba amesema la moyoni.

Usimwone mshari bure. Mambo ya kompyuta alijifunza kwenye kibanda cha kuchapa barua karibu na soko la Ujiji, akiwachapia watu maombi ya kazi mchana kutwa, na wateja wakipungua anasoma mtandaoni jinsi programu zinavyoandikwa. Baba fundi cherehani, mama yake Bi Ikram muuza vitumbua. Hakuna aliyempeleka chuo. Na ndiye aliyeutengenezea ushirika wa wenye maboti mfumo wa kuonya juu ya upepo. Miezi minane ya jasho lake. Nahodha akipuuza onyo, ni kama amemtemea mate yeye.

Mfumo wenyewe ulikuwa programu mbili ndani ya kompyuta moja. Ya kwanza, Mpimaji, kazi yake kusoma kipimo cha upepo kilichofungwa juu ya paa la ofisi ya ushirika. Ya pili, Mwitaji, kazi yake kuwapigia manahodha simu na kuwatumia meseji. Kila moja na chumba chake, haioni ya mwenzake, na katikati Kuruthumu akaweka njia ya kupitishia maneno: Mpimaji anabisha mlango wa Mwitaji, anafunguliwa, anasema, anaondoka.

Meneja wa ushirika alikuwa Alphonce, mwanamume wa tai na manukato. Yeye ndiye aliyemwita ofisini wiki ya tatu.

"Kamati ya uchunguzi inakaa Alhamisi," alisema. "Nichapie ile kumbukumbu ya siku ya ajali, uweke sahihi. Inaonyesha taarifa ilitoka. Leseni ya Asumani iliyozuiliwa inafutwa kabisa, na pengine atashtakiwa. Ushirika unabaki safi."

Kuruthumu akakaa kwenye kompyuta kuchapa. Kumbukumbu ya Mpimaji ilikuwepo: saa nne kasoro dakika kumi na tatu, upepo mkali, taarifa imetolewa. Akafungua na ya Mwitaji, ili aambatanishe zote mbili. Tupu. Siku ile Mwitaji hakupokea neno, wala hakumpigia mtu yeyote.

Akaanza kupekua, na hakuchukua muda. Kumbe nyuma ya mgongo wake Alphonce alikuwa ameita fundi mwingine, akafungiwa runinga kubwa ukutani ya kuwaonyesha wageni hali ya ziwa. Programu ya runinga ilipitia mlango uleule wa Mwitaji, ikaingia, ikakaa humo humo kutwa nzima.

"Runinga!" alipiga kelele hadi karani wa nje akasimama. "Watu wako ziwani, wewe umeziba njia kwa runinga!"

"Punguza sauti," Alphonce akasema. "Kompyuta ni kompyuta."

"Kompyuta si kompyuta! Nilikwambia tangu mwanzo! Mfumo wa laptopu yangu, wageni wakiwa wengi wanapanga foleni mlangoni mpaka wafikiwe. Wa hili dude lako, nilivyouunganisha, akiingia mgeni mmoja mlango unafungwa, anayekuja nyuma anaambiwa kuna mtu, subiri!"

"Sasa huyo Mpimaji wako si angesubiri?"

Kuruthumu alifungua mdomo amjibu. Akageukia kioo, akaitafuta ile sehemu aliyoiandika mwenyewe mwaka jana, kwenye meza ya kibanda.

Ujiji mtu hapigi hodi mpaka mbingu zishuke. Unabisha mara tatu. Usipoitikiwa, unageuza njia kimyakimya, kwa sababu huenda wenyewe hawataki wageni, na kung'ang'ania mlango wa mtu ni utovu wa adabu. Bi Ikram aliwafundisha wanawe hivyo kwa mwiko. Kuruthumu alipofika mahali pa kuamua Mpimaji abishe mara ngapi, hata hakuwaza. Aliandika tatu. Mara tatu, kisha rudi. Hakuandika popote kwamba akikosa kuitikiwa apige kelele. Mbaya zaidi, "taarifa imetolewa" ilikuwa inaandikwa kabla ya hodi ya kwanza.

Wakati boti ya Asumani imeshapita Gombe ikielekea Mwamgongo, na upepo unapanda, programu yake ilibisha kwa adabu mara tatu, ikaona kuna mgeni ndani, ikaondoka. Nyani haoni kundule. Na safari hii hakuwa na wa kumrukia.

Alphonce alikuwa ameshaelewa. Akasogeza kiti, sauti imekuwa ya kubembeleza. "Umeona? Tukifichua mambo tunaumia wote wawili. Weka sahihi, dada. Asumani ni mtu wa kuja tu, hana wa kumsemea."

"Koma!" Kuruthumu akamwambia. "Koma kabisa, Alphonce."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Alphonce alisoma karatasi yake isiyo na sahihi, kwa sauti tamu. Alipomaliza, Kuruthumu akasimama bila kuitwa, akaziweka kumbukumbu zote mbili mbele ya kamati, akaeleza mlango, runinga na hodi tatu. Hakumbakizia Alphonce hata chembe. Mwenyekiti akauliza, "Na huko kuondoka kimyakimya, nani aliagiza?"

"Mimi. Niliandika kwa mkono wangu."

Watu walizomea. Mwanamke mmoja alimwita muuaji. Kabla ya adhuhuri nahodha alirudishiwa leseni yake.

Alimfuata Kuruthumu nje, kwenye ngazi. Kuruthumu akaanza kusema, "Baba Asumani, shikamoo, ile siku uani kwako..."

Nahodha hakuitikia. "Uliponiambia simu ililia, nilikataa," alisema. "Kesho yake nikajiuliza. Wiki ya pili nikaanza kuisikia. Wallahi naisikia inalia mfukoni, na mimi nimeshika usukani, naiacha. Nikapanda boti kwenda Mwamgongo, nikampigia magoti mume wa marehemu Rozalia mbele ya wanawe, nikamwambia ndiyo, niliitwa nikapuuza, nisamehe."

"Akasemaje?" Kuruthumu aliuliza.

"Alinisamehe," nahodha akasema, na sasa sauti yake ilipanda, kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Amesamehe mtu asiye na kosa! Boti inaondoka saa nane. Utapanda, utakwenda kumwomba wewe."

"Nitapanda. Anaitwa nani?"

"Meshack. Na ukifika, usithubutu kumweleza habari za kompyuta."