Mpiga Chapa wa Kitengela Aliyekataa Kuwauza Majirani Zake

Saa mbili na robo asubuhi, Roda Mbaluka anaacha kupiga chapa katikati ya sentensi na kumtazama mteja wake juu ya miwani.

"Hiyo sitaandika," anasema.

Mteja ni Ishmael, bawabu wa ghala moja kando ya barabara ya Namanga. Amekuja kuandikiwa barua ya likizo ambayo hajapewa kwa miaka mitatu, na anataka ianze na maneno "naomba kwa unyenyekevu mkubwa".

"Likizo ni yako kisheria. Unyenyekevu ni wa nini?" Roda anamuuliza. "Sema 'nadai'. Na kama utaogopa kuipeleka, niambie sasa nisiharibu karatasi."

Ishmael anakuna kidevu. "Haya, andika nadai. Lakini mwisho weka asante."

"Asante nitaweka."

Kibanda hiki cha mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi ndicho ofisi ya mama huyu wa miaka arobaini na minne. Huandika mikataba ya kuuziana ploti, barua za kuomba kazi na malalamiko ya kila aina. Wafugaji wanaotoka Isinya humsalimu kwa Kimaasai, "Supa!", wakiwa bado ng'ambo ya barabara, naye huwajibu bila kuinua macho.

Alikuwa mpiga chapa wa serikali mjini Kajiado hadi mwaka 1994, alipoachishwa kazi pamoja na wenzake kumi na mmoja serikali ilipopunguza wafanyakazi wake. Malipo ya kumuaga yalitosha kununua mashine kuukuu ya kupigia chapa na mabati ya kibanda.

Kwa miaka kadhaa kazi ilimlisha. Siku nzuri alirudi nyumbani na shilingi mia nne. Kisha kompyuta zikafika Kitengela, na mapato yakashuka hadi mia moja na ishirini. Mumewe, Masila, aliyekuwa akichonga mawe kwenye machimbo ya Kiserian, aliangukiwa na jiwe mguuni mwaka 1999 na hajarudi kazini. Binti yao Muthoki yuko kidato cha tatu, shule ya bweni.

Ndiyo sababu, mwanzoni mwa mwaka jana, 2003, Roda alimkaribisha kwa mikono miwili Bwana Wanyoike, meneja wa kampuni moja ya bima ya Nairobi. Jina la kampuni hiyo hatulitaji kwa kuwa baadhi ya madai dhidi yake yako mikononi mwa mawakili.

"Alikuja na mwavuli na kalenda," Roda anakumbuka. "Akaniambia, 'Madam, kila mtu hapa anakuamini. Wewe ni ejenti tayari, ni vile tu hujui.'"

Hesabu ilivutia. Kati ya kila shilingi mia ambazo mteja angelipa mwaka wa kwanza, thelathini zingekuwa zake. Wateja kumi kwa mwezi wangemletea zaidi ya alichopata kibandani kwa miezi minne. Alichotakiwa kufanya ni kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili kwa nauli yake, kutia sahihi mkataba wa kurasa saba, na kuandika orodha ya watu mia moja anaowafahamu.

"Mia moja!" anasema, sauti ikipanda. "Ndugu, watu wa kanisa, akina mama wa chama chetu cha akiba, wateja wangu. Ati hao ndio soko langu la kwanza. Mama mkwe wangu Kavutha alikuwa namba moja."

Alianza kuijaza jioni hiyo hiyo, Masila akimtajia majina. Walipofika thelathini na moja, Masila akasema, "Fadumo." Roda akaandika herufi mbili na kuweka kalamu chini.

Fadumo Muno alikuwa na duka la vitambaa na magodoro karibu na soko. Aliliwekea bima ya moto kwa kampuni hiyo hiyo, na kwa miaka mitatu alimlipa ejenti wao, Wamalwa, kila mwezi, akipewa risiti yenye nembo ya kampuni. Mwaka 2001 duka liliteketea hadi msingi.

Kampuni ilimjibu kwa aya moja. Malipo ya miezi mitano ya mwisho hayakufika ofisini, kwa hiyo bima ilikuwa imekufa. Kuhusu risiti alizokuwa nazo mkononi, ilisema Wamalwa si mwajiriwa wake, amtafute mwenyewe. Wakati huo Wamalwa alikuwa ameshahamia Kitale, na simu yake haikupatikana.

Aliyemwandikia Fadumo barua za kulalamika ni Roda. Aliandika nne. Hakuna iliyojibiwa.

"Mimi sijui kama Wamalwa alikula hizo pesa," Roda anasema. "Labda alikula, labda hakula. Lakini koti alilovaa akiingia dukani lilikuwa la nani? Kitabu cha risiti kilikuwa cha nani? Si chao?"

Asubuhi iliyofuata alimfuata Fadumo, ambaye siku hizi huuza maziwa ya ngamia na sambusa kwenye meza kando ya kituo cha mafuta. Alitarajia kutukanwa. Akamweleza kwamba kampuni ile imempa kazi.

Fadumo aliendelea kumimina maziwa. "Ukiuza wewe, Mama Muthoki, nitanunua," alisema. "Si ni wewe?"

"Mama Barre," Roda akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "ni kampuni ile ile iliyokukataa."

"Najua. Lakini wewe hujawahi kuniandikia uongo."

Roda anasema hakuna tusi ambalo lingemchoma kuliko maneno hayo. "Nikaona kitu ambacho kampuni inanunua kwangu. Hawanunui kazi yangu. Wananunua hiyo imani, ya kwamba Fadumo ataniamini hata baada ya yale waliyomfanyia. Na wanataka niwauzie kwa thelathini ya mia!"

Alirudi kibandani, akafunga mlango na kufanya jambo ambalo anaamini maejenti waliomtangulia hawakupewa nafasi ya kulifanya. Aliusoma mkataba wote, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha miaka kumi na miwili ya kupiga chapa nyaraka za serikali.

Kifungu cha nne kilisema wakala si mwajiriwa: hana mshahara, likizo wala matibabu. Kifungu cha tisa kilimkataza kuuza bima ya kampuni nyingine yoyote. Cha kumi na nne kilisema wateja wote ni mali ya kampuni, na wakala akiondoka asiwasogelee kwa miaka miwili.

"Yaani hata Kavutha!" anafoka. "Mama mkwe wangu awe mali yao. Wakitaka kunifunga, mimi ni wao. Nikiumia, mimi si wao. Na hii ni kampuni ya bima, haina hata bima ya ejenti wake akigongwa na gari akiwatafutia wateja."

Kifungu cha kumi na moja alikisoma mara tatu. Kiliandikwa ili kumzuia wakala kukaa na pesa za kampuni: malipo yote anayopokea kutoka kwa mteja yatahesabiwa kuwa yamepokewa na kampuni tangu siku anapotoa risiti.

Tangu siku anapotoa risiti. Fadumo alikuwa na risiti zote tano.

Siku ya kutia sahihi, Roda alikwenda Nairobi na karatasi moja aliyoipiga chapa mwenyewe, yenye mabadiliko matatu aliyotaka katika vifungu vya nne, tisa na kumi na nne. Wanyoike aliisoma akicheka.

"Madam, mkataba ni huo huo kwa kila mtu. Wengine wanangoja hapo nje."

"Na Fadumo Muno wa Kitengela?"

"Hilo ni jambo lake na ejenti wake."

"Ejenti wa nani?" Roda akauliza.

Roda alirudisha kalamu aliyopewa, akachukua nakala yake ya mkataba na kutoka. Tulipompigia simu Wanyoike, alisema hawezi kuzungumzia mteja mmoja mmoja.

Nyumbani haikuwa rahisi. Masila, ambaye alikuwa ameshaanza kuhesabu karo, hakusema naye siku mbili. "Nilikasirika," anakiri mwenyewe, akiwa amenyoosha mguu wake mbovu kwenye kiti. "Nilimwambia, Fadumo ataungua mara ngapi? Mtoto wetu je?" Muthoki alikaa nyumbani wiki tatu muhula huo kabla karo haijapatikana.

Katika wiki hizo tatu Roda aliandika barua ya tano. Safari hii aliipeleka kwenye ofisi ya serikali inayosimamia bima, ikiwa na nakala za risiti tano na ukurasa wenye kifungu cha kumi na moja. Haikuwa na neno "naomba" hata moja.

Miezi mitano baadaye Fadumo aliitwa Nairobi na kulipwa. Barua iliyoandamana na hundi ilisema kampuni inalipa kwa hisani, bila kukubali kosa.

"Hisani!" Roda anapiga meza kwa kiganja. "Miaka miwili mama anauza sambusa juani, halafu unaiita hisani. Hata pole hawakuandika."

Tangu habari hizo zienee, watu wasiopungua ishirini wamemletea faili zao, wengine kutoka Kiserian na Kimuka. Mfugaji mmoja alikuja na risiti zake ndani ya mfuko wa unga. Fadumo amekodi chumba sokoni, anaanza tena na magodoro kumi.

Roda naye anasoma. Kila Jumamosi hupanda gari kwenda Nairobi kwenye darasa la jioni la bima, pamoja na vijana wanaoweza kuwa watoto wake, kwa karo iliyotokana na mbuzi wawili ambao Masila aliamua kuwauza bila kuombwa. Mtihani ni mwezi wa Novemba. Akifaulu, anataka kuomba leseni ya udalali wa bima, asifungwe na kampuni yoyote, amtafutie mteja bima ile inayomfaa.

Tunamuuliza kama haogopi kwamba kampuni zitamkwepa.

"Wacha wanikwepe," anasema. "Mtu akikaa hapa mbele yangu, nitamsomea mkataba wote kabla hajasaini. Kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na Kimaasai hiki kidogo niko nacho. Kama kuna kampuni haitaki mkataba wake usomwe, basi haina biashara na watu wa Kitengela."