Fundi wa Mugumu anayesaka mvumo asiousikia

Saa nne asubuhi, sokoni Mugumu. Luhaga Faustine anagusisha ukucha kwenye karatasi ya spika, anafumba macho. Anasikiliza kwa kidole.

Mbele yake kuna amplifaya ya kanisa, ile ya zamani inayokuza sauti kwa taa za kioo. Umeme unaoziwasha huchujwa na kapasita pamoja na choki, koili nzito iliyozungushwa kwenye chuma. Usipochujika vizuri, spika inavuma. Luhaga ameshabadilisha kapasita mbili. Sasa anaigeuza choki kidogo kidogo, maana ikikaa vibaya karibu na transfoma, inaokota mvumo upya.

"Kazi yenyewe siyo ngumu," anasema. "Shida ni masikio."

Masikio aliyaacha kwenye machimbo ya Nyangoto. Mzee huyu wa miaka 61 alitoka Sengerema kufuata dhahabu, akaishia kuhudumia karasha la kusaga mawe kwa miaka kumi na moja. Ukiongea naye karibu anakusikia. Mvumo mdogo unampita.

Zamani aliyemsikilizia ni mkewe, Leonida.

"Huyo alikuwa hanionei haya. Anasema tu, 'Bado inalia.' Nafungua tena, hata mara sita."

Leonida alifariki miaka miwili iliyopita. Watoto hawakujaliwa. Nyumbani, anasema, hakuna wa kumuuliza hata kama mvua inanyesha.

Siku hizi huuliza majirani. Elieth Kisyeri, anayeuza mitumba kibanda cha pili, ana jibu moja: iko sawa, fundi.

"Mzee wa watu yuko peke yake," anamnong'oneza mwandishi. "Sasa nimwambie vibaya, nimuumize?"

Wema huo ulimponza. Pasaka iliyopita amplifaya ilivuma ibada nzima, naye ameketi mbele na suti yake, hana habari. Kanisa limempa nafasi ya mwisho: ikivuma Jumapili hii, inanunuliwa mpya. Mwaka huu hajaletewa amplifaya nyingine ya taa kutengeneza.

Inatia uchungu kumtazama. Anakaza skrubu, anawasha, anasubiri taa zikolee. Kisha anamgeukia mwandishi.

"Wewe unasikia nini?"

Mvumo upo. Ni mwembamba, lakini upo. Kule kibandani Elieth anatikisa kichwa, anamsihi mgeni asiseme.

"Bado inalia, mzee."

Luhaga anazima. Machozi yanamlengalenga, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

"Miaka miwili sijaambiwa hivyo," anasema, akimsogezea mgeni kigoda. "Kaa hapa. Usiondoke mpaka inyamaze."